Mrehani Uliong'aa

Siku nzima naona aibu, heri niwaambie. Mama Tumaini wa Iyula, ambaye bustani yake ya dawa naiota tangu nianze kujifunza kupanda kwenye makopo, alikubali kuja Tunduma kuiona yangu. Akiipenda, angenifundisha.

Vumbi la malori ya mpakani lilikuwa limefunika mrehani wangu. Niliuosha, nikaona bado haung'ai. Alfajiri, ukungu ukiwa umetanda, nikaupaka jani kwa jani mafuta yaliyobaki kikaangoni. Jua likachomoza, bustani ikameremeta kama ndotoni.

Mama Tumaini alipofika, aliuinamia mrehani, akafumba macho, akanusa.

"Mwanangu, huu unatibu nini?"

"Mafua, mama."

"Basi nimepona. Nasikia harufu ya dagaa."