Maua Niliyafungulia, Mtoto Nikamfungia

Nakumbuka Julai moja kule Karagita, mtaa ulio kando ya ziwa, mjukuu wangu, baridi ya ziwa ikiingia mpaka kwa mifupa. Babako Kevo, kifungua mimba wangu, alikuwa na miezi minane. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha mawe, na mimi nilikuwa kibarua kwa shamba la maua, ndani ya grinihausi, zile nyumba za nailoni za kukuzia maua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba mpaka pa kupumulia! Nilibeba kipande cha nailoni kuukuu ya grinihausi, nikafunika dirisha na tundu za hewa. Humo humo nikawa nachemsha githeri na kuanika nepi kwa kamba juu ya kitanda. Asubuhi ukuta unatoa jasho. Wiki chache baadaye, ukungu mweusi nyuma ya kitanda. Unadhani niliusugua? Wapi! Nilitundika pazia wageni wasiuone. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Kevo akaanza kukohoa, kifua kikikoroma, hata kunyonya akashindwa. Niliogopa nitamzika.

Shosho Wambui, bibi mzee jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyenisindikiza kwa daktari. Tuliporudi akasikia harufu ya ukungu, akainua lile pazia, akanigeukia.

"Mama Kevo, ukifika kazini asubuhi, unaanza na nini?"

"Kufungulia grinihausi hewa, shosho, maua yasishike ukungu."

"Ehe! Maua ya watu unayafungulia, mtoto wako mwenyewe unamfungia?"

Nililia, mjukuu wangu. Yeye alileta maji ya sabuni na kitambaa, tukasugua ukuta pamoja, tukang'oa ile nailoni. Kevo alipona polepole.

Sasa nimekuja kwako hapa mtaa wa Free Area, na naona umesokomeza gunia kwa dirisha, na mtoto wako mchanga amelala hapo. Sikugombezi, nakupenda. Ukipika, funika sufuria na ufungue dirisha. Nguo anika nje, hata kama majirani wana macho. Kitanda kisiguse ukuta. Ukungu ukitokea, usugue ungali kidogo, na bati likivuja mwambie keateka, huyo mwangalizi wa ploti, usimwogope. Baridi ina blanketi, lakini kifua hakina spea.

Mungu akujalie nyumba kavu, na huyo kitoto apumue vizuri mpaka aje kunizika mimi. Haya, inuka, toa hilo gunia nikiona.