Mbwa wa Kengele na Mbwa wa Ziwa

Juma lililopita mwenye pikipiki kutoka Kilembwe alisimama mbele ya mlango wangu hapa Baraka, kando ya ziwa, akateremsha kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Ndani mlikuwa na watoto wawili wa mbwa. Mmoja alikuwa mwekundu, mkia umejikunja mgongoni, paji la uso limejaa makunyanzi utadhani kasikia habari mbaya. Mwingine alikuwa mweusi tii, nyayo pana, na alianza kubweka kabla hata hatujamtoa.

"Mudogo yako anasema uchagule moja," mwenye pikipiki akaniambia. "Ingine ntairudisha siku ya kwanza."

Wanangu walirukaruka kwa furaha. Mimi nilikaa kwenye ngazi na machozi yakanitoka, sioni haya kukuambia. Mbwa wa aina hizo mbili nilidhani wamekwisha, maana siku hizi wamechanganyika na mbwa wa barabarani hadi huwatambui. Tena uchaguzi huohuo nilikwisha kuufanya mara moja, nikiwa msichana wa miaka tisa.

Wakati huo niliishi kwa nyanya, nje kidogo ya Kilembwe, shamba lake likipakana na msitu. Nikifumba macho bado nasikia mchi ukitwanga sombe, majani ya mihogo, asubuhi, na harufu ya mawese yakichemka. Kazi yangu ilikuwa kufukuza nyani. Nilipewa debe na fimbo, nikapiga hadi masikio yakaniuma, na nyani wa kule hawana adabu hata chembe. Mwanamke hawamwogopi, sembuse mtoto. Walikaa kwenye tuta wakinitazama huku wakimenya mihogo yetu.

Msimu mmoja walikula karibu shamba zima. Baba akatuma neno kutoka Baraka kwamba msimu ujao ukiharibika tena, nyanya ateremke akaishi kwake. Baba alifikiri anamtendea wema. Nyanya alisikia kama anazikwa angali hai.

"Kule ku ziwa nitafanya nini?" aliuliza kila jioni akisonga bukari, ule ugali wetu. "Niikale naangalia maji?"

Ikabidi tupate mbwa. Jirani yetu mwindaji akatoa mtoto wa mbwa wake wekundu, wale wasiobweka. Juma lilelile mjomba, mvuvi wa Swima huko ziwani, akatuletea mweusi wa ufukweni kwao, mbwa wa kuogelea nyuma ya mitumbwi na kulinda ndagala, yaani dagaa, walioanikwa mchangani. Nyanya akaweka kigae kimoja tu cha chakula kando ya jiko. "Bukari iko ya mbwa moja. Ni weye utaikala naye mu shamba, basi weye chagula."

Nilipewa siku tatu, na siku hizo tatu nyumba haikukalika. Hao si mbwa wa kulala mlangoni. Usipowapa kazi, wanaitafuta wenyewe. Mwekundu alipanda juu ya ghala akala samaki wetu. Mweusi alikwenda kuoga ndani ya mihogo tuliyoloweka, nyanya akamkimbiza na mwiko hadi kanisani. Hatimaye nikamchagua mwekundu, na nisikudanganye kwamba nilitumia akili. Nilimpenda kwa sababu alijipangusa uso kwa mguu kama paka.

Kwetu mbwa hachukuliwi bure, la sivyo anarudi alikozaliwa. Nyanya akampelekea mwindaji kuku, na yule mweusi naye akampeleka hukohuko, akabaki kwa mwindaji. Mwindaji akanichongea kengele ya mti, akaifunga shingoni mwa mbwa wangu. Mbwa asiyebweka akishaingia kwenye majani marefu, kengele ndiyo sauti yake. Mkiwa njiani unaijaza nyasi ili wanyama wasisikie, mkifika unazitoa.

Haikupita miezi mingi, nyani wakaanza kutuheshimu. Walisikia kolo-kolo-kolo ndani ya mahindi, mbwa hawamwoni, wakatawanyika kama watoro wa shule. Nyanya akarudia kuimba akilima.

Halafu nikakosea. Asubuhi moja tulipita karibu na kanisa wakati wa sala, nikaijaza kengele nyasi ili tusiwasumbue waumini. Tulipofika shambani nyani walikuwa wamekwisha kuingia, nami kwa haraka nikamwachia mbwa. Akazama kwenye matete. Nikangoja kengele, sikusikia kitu, na hapo ndipo nilipozikumbuka zile nyasi. Nilimwita hadi sauti ikakauka. Jua likafika utosini, na nyani wakarudi kula taratibu, kama wageni walioalikwa.

Nyanya hakunipiga. Alikaa juu ya tuta, akaweka jembe chini. "Basi," akasema, "nitaenda ku Baraka." Afadhali angenichapa.

Nikakimbia kwa mwindaji nikilia. Akaja na yule mweusi, mbwa niliyemkataa. Mweusi akanusa matete, akashuka hadi mtoni, akaogelea, na punde akabweka ng'ambo hadi msitu ukaitika. Tukavuka. Mbwa wangu alikuwa amenaswa mguu kwenye mtego wa waya, akitikisa shingo kwa nguvu zake zote, na kengele haitoi hata mlio mmoja. Moyo wangu ulipasuka kwa aibu. Mwindaji akamfungua, akachomoa nyasi, akaniwekea kiganjani.

"Kwanza toa majani, kisha achilia mbwa."

Mwekundu alichechemea majuma mengi, na siku hizo zote mweusi aliazimwa kulinda shamba. Mguu ulipopona, nyani wakakabiliana na wote wawili. Msimu ule tulivuna. Siku ya kuvuna nikakuta nyanya ameweka vigae viwili kando ya jiko. Huko Baraka nyanya alifika kwa matembezi tu. Alizeeka na kufia nyumbani kwake, jembe lake likiwa mlangoni.

Mengi yamekwenda. Mwindaji alivuka ziwa wakati wa vita na hakurudi. Kengele yangu ilipotea katika kukimbia, na shamba lile limekuwa matete matupu. Kwa miaka mingi niliamini hata mbwa wenyewe wamekwenda nayo.

Jumatatu, hiyo siku ya kwanza, mwenye pikipiki alirudi na kikapu chake. Nikampa kuku wawili ampelekee mdogo wangu. Mmoja alikuwa wangu, kwa ajili ya mwekundu. Wa pili alitoka kwa jirani yangu wa nyuma ya uzio, mama anayeanika ndagala ufukweni, ambaye kunguru wamemchosha. Yeye amemchukua mweusi.

Kengele nilimchorea seremala mavumbini, akaichonga huku akinicheka. Jana tulimpeleka mwekundu kwenye shamba letu dogo la mihogo kilimani, kengele imejaa nyasi. Binti yangu akashika kamba, tayari kuifungua. Kisha akasita, akainama, akachomoa nyasi zote, akaninyooshea kiganja nizione.

"Mama, sasa nimuachilie?"

Nikaitikia kwa kichwa, akaifungua kamba. Kolo-kolo-kolo, ikashuka katikati ya mihogo, na kutoka kule chini ufukweni mweusi akabweka.