Kumbikumbi wa Kona ya Shangazi

Asubuhi ile niliondoka Temeke bila kujua ninakokwenda. Shangazi alikuwa kisimani. Nilichukua shati moja na viberiti vyangu vya wadudu, nikaupita ukuta wa nyumba yake uliolala kwenye matope, nikashika njia ya Pugu kwa sababu tu ndiko nilikokuwa nimeelekea.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, redio ikituhimiza kila siku twende vijijini tukalime. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, ila somo moja sikuliacha. Mwalimu alituambia kwamba mdudu halisi ana miguu sita, kwa hiyo buibui na nge hawamo. Jambo hilo lilinishangaza mno. Nikawa nahesabu miguu ya kila kinachotambaa, na kuwapanga wadudu kwenye viberiti kwa mtindo wangu mwenyewe: wenye mbawa huku, wasio nazo kule. Nyuki, nzi, kerengende na kumbikumbi upande mmoja. Siafu, chawa na mchwa upande wa pili. Mende walinisumbua, wengine wana mbawa na wengine hawana. Ningejiuliza kwa nini, labda nisingekuwa na la kuandika leo.

Shangazi alikuwa mjane, akiishi kwa cherehani yake, na ndiye aliyenilea. Alipenda kunitania mbele ya wateja. "Daktari wa mende huyu! Mkiumwa msije kwake."

Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, kumbikumbi walitoka kwenye ufa wa kona ya chumba chake, nyuma ya cherehani. Tuliwakinga kwa beseni, tukawakaanga kwa chumvi kidogo. Alikuwa anatafuna aliposema, "Mwanangu, hawa si mchwa hawa? Mie naona niipake ile nguzo ya kona oili chafu."

"Shangazi nawe! Mchwa ana mbawa? Hawa kabila jingine kabisa."

"Jirani kasema..."

"Jirani kasomea wapi?"

Akacheka. "Haya, msomi." Oili ikabaki kwenye kopo.

Masika, kona ile ikaanguka mchana, yeye akiwa sokoni. Nguzo ilikuwa imebaki ganda. Niliipasua, nikawakuta mchwa wamejaa ndani, na katikati yao wengine wenye vijimbawa vifupi vinavyochipua mgongoni. Nyumba moja, ukoo mmoja. Cherehani tuliifukua gurudumu limevunjika.

Hakunifokea. Alilifuta gurudumu lile kwa upindo wa kanga, akasema, "Basi. Tutasimamisha nguzo nyingine. Utanisaidia?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa jioni. Asubuhi yake ndiyo hiyo niliyoondoka.

Nilifika Chanika jua limeshapinda. Mzee mmoja alikuwa anang'oa muhogo kando ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea?"

"Natafuta pa kulala. Kazi nitafanya."

"Wenzio wanakimbilia mjini, wewe unakimbilia muhogo!" Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanionyesha chumba cha uani, chenye kitanda cha kamba. Nimlimie, nilale.

Nilipoweka viberiti chini niliona, kwenye nguzo ya mlangoni, mstari wa udongo wenye unene wa kidole ukipanda juu. Niliubonyeza, ukavunjika, mchwa weupe wakamwagika.

"Mzee, una oili chafu?"

"Ipo. Ya nini?"

"Mchwa hawa wataiangusha nyumba."

Alichungulia tu. "Ah, hao. Mie nawangojea waote mbawa, niwakaange."

Mtu aliyeniambia mwenyewe kwamba hakuwahi kukanyaga darasa. Nilimwomba kopo la oili na kitambaa, nikapaka nguzo ile, nikapaka na zile nyingine tatu, mpaka oili ikaisha. Mzee alisimama akinitazama, asijue haraka yangu ni ya nini.

Nguzo ya shangazi, mpaka leo sijui aliisimamisha na nani.