Timu Mbili, Sufuria Moja

Wanaume wa Homa Bay walibishana kiangazi kizima kama mji wetu unaweza kubeba timu ya pili ya mpira. Mimi sikuulizwa. Waliulizwa wenye midomo, mwenye sufuria akaachwa jikoni. Hata leo nikisikia watu wanazungumzia timu mpya, mabega yananiuma.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na timu tulikuwa nayo moja tu. Nahodha wake alikuwa mume wangu, Mkatoliki, mtu wa mitumbwi. Mfungaji wake alikuwa kaka yangu, Msabato, aliyetoka kwetu Migori kuja kufungua duka. Mechi nyingi zilichezwa Jumamosi. Sasa Jumamosi kaka yangu yuko kanisani anaimba, na sisi huku uwanjani tunafungwa. Mume wangu akimlaumu, anajibu kwa upole, "Shemeji, Sabato sikuianzisha mimi." Mwishowe lawama zikamchosha. Akakusanya vijana wa kanisani kwake na wachuuzi wa sokoni, akaanzisha timu ya Jumapili.

Hapo ubishi ukahamia kwenye baraza la duka lake. Huyu anasema mji unakua, timu mbili ni heshima. Yule anasema fahali wawili hawakai zizi moja. Hakuna aliyeuliza wachezaji watakula nini.

Kwa sababu timu yetu ilikula kutoka ziwani. Kila mtumbwi uliorudi ufukweni ulitoa samaki mmoja, tukamwita samaki wa mpira. Nilishuka asubuhi na kikapu changu, na wavuvi wakanitania, "Nyar Migori, binti wa nchi kavu, umekuja kutuibia tena?" huku wananitupia ngege mnene. Wageni wakija, samaki hao hao ndio waliowalisha. Nilizipenda asubuhi zile, sitaficha. Mama yangu hakutaka niolewe huku. Alisema watu wa ziwani wana maneno mengi na mashamba madogo. Nilimjibu, "Mama, huko sitakosa kitoweo." Na kila nilipoenda Migori kumsalimia nilibeba samaki, ili anyamaze.

Timu zilipokuwa mbili, vikapu navyo vikawa viwili. Wavuvi walivumilia kidogo, kisha wakachoka kuombwa. Nikifika naambiwa watu wa kaka yako wamepita. Watu wa kaka yangu wakifika wanaambiwa nyar Migori amepita. Nikawa narudi na samaki wawili watatu, siku nyingine kikapu kitupu, nao wanaume wako barazani, mji unabeba, mji haubebi. Yawa, nilichoka.

Ndipo mume wangu na kaka yangu wakaialika timu ya Migori. Kila mmoja aliialika kivyake: Jumamosi wacheze na mume wangu, walale, Jumapili wacheze na kaka yangu. Na mkuu wa msafara alikuwa baba yangu mdogo. Kwetu, mzee kula nyumbani kwa mkwe wake si jambo la mchezo. Chakula hicho kitasimuliwa mpaka kimfikie mama. Nilimwambia mume wangu, "Nataka samaki. Kingine sikuombi."

"Usiwe na wasiwasi, mama watoto," akasema. "Huu ni mji wa samaki."

Jumamosi asubuhi nilishuka ufukweni. Mitumbwi ya Wasabato ilikuwa imelala mchangani, kama desturi yao. Ile mingine ilikuwa imerudi na imeshauza. Nikawauliza wavuvi, na samaki wa mpira je? Wakacheka. "Si hao wageni wanacheza na Wasabato kesho? Wenye maduka wawalishe."

Jua lilipozama nikaenda kwa kaka yangu. Alikuwa bado amevaa koti la kanisani.

"Dada, leo ni wageni wa shemeji," akaniambia. "Kesho ndio wageni wetu. Samaki wa kesho nimeshaagiza."

"Kwani baba mdogo ana matumbo mawili, la Jumamosi na la Jumapili?"

Akanipa pakiti ya sukari.

Kiangazi kilikuwa kimekausha mboga zote. Nikamchinja kuku wangu aliyekuwa akiatamia, mifupa mitupu. Kuku mmoja kwa lori zima la watu! Nikaongeza maji, nikaongeza chumvi, nikaongeza maji tena. Vijana wa kwetu walichovya ugali kwenye mchuzi ule, wakanawa, wakashukuru kwa adabu. Baba mdogo akaniita. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Binti yangu," akasema, "leo tumecheza na timu moja, kesho tutacheza na nyingine. Sasa mwenyeji wetu ni nani?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akautazama mlango. Nilirudi jikoni nikalia, na zaidi ilikuwa hasira.

Jumapili kaka yangu alifunga mabao, watu wakambeba juu juu. Samaki wake nao walifika, wanene, nikawapika. Baba mdogo akasema lori halisubiri, wakaondoka bila kuonja. Barazani jioni ile wakapeana mikono: mmeona? Mji unabeba!

Mvua zilipoanza, dereva wa lori la mahindi kutoka Migori alinishushia mzigo. Gunia dogo, limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, na mshono niliujua. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na ngege wakavu, wa ziwa letu hili hili, mama amewanunua sokoni Migori. Dereva akanipa salamu za mama: watoto wasilale njaa.

Nilikaa nao mapajani muda mrefu. Halafu nikawaloweka, nikawapika kwa vitunguu, nikamwita kaka yangu, nikamketisha na mume wangu mbele ya sahani moja. Walikula vizuri. Walikuwa wanazungumzia kualika timu nyingine, kutoka Rangwe safari hii.

"Dada," kaka yangu akasema huku analamba vidole, "hawa watamu umewatoa ufuko gani?"

"Migori," nikamwambia. "Mama ametutumia."

Mume wangu akaliweka tonge chini.