Jezi za Vyuo Vinne

Enzi zetu, ligi ya vyuo haikuanzia uwanjani. Ilianzia kwenye cherehani ya mama. Wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, vyuo vyote vinne vya mji wetu, Ualimu, Kilimo, Ufundi na Uuguzi, vilimletea jezi azibe matundu, ashone namba upya na kuwapanulia walionenepa likizoni. Chumba kilinuka jasho la mwaka jana na mafuta ya cherehani. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya futikamba mama alipowapima wachezaji. Nilikuwa na miaka kumi, na mji mzima hapakuwa na mtu aliyezijua timu zile kama mimi.

Wenzangu walilijua hilo. Jioni, tukishachoka kuruka kamba, tulikaa kwenye ngazi za duka la mafuta ya taa tukitafuna karanga, nami nikawachambulia msimu. Uuguzi hawana kitu: wanaume wenyewe kumi na wawili, na mmoja anavaa miwani. Ualimu wana mbio ila wanagombana. Wawili wanaitaka namba kumi. Ufundi wana nguvu, akili waliisahau karakanani. Bingwa ni Kilimo, maana wanakula vizuri.

"Mwongo!" alidakia Shida, ambaye kaka yake alikuwa nahodha wa Ufundi. "Kipa wao mzee yule!"

"Mzee wapi! Ni bega tu," nilisema, nikijiona mjuzi. "Mkono wa kushoto haupandi. Mama kamkatia jezi yenye mkono mpana."

Mechi ya kwanza ilikuwa Ufundi na Kilimo. Kila mpira wa Ufundi ulipigwa juu, kushoto kwa kipa. Yakaingia matatu. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, na baada ya bao la pili hakuutazama tena uwanja. Alinitazama mimi.

Nyumbani hakunichapa. Ingekuwa afadhali angenichapa. "Mtu akininyooshea mikono nimpime, ananiamini kama anavyomwamini daktari," alisema. "Kilimo wakiondoka, na wengine wataondoka, na cherehani hii ndiyo inayotulisha. Kesho utakwenda kumwambia mwenyewe."

Nilikwenda kwa miguu hadi Chuo cha Kilimo. Kipa, tuliyemwita Kaka Festo, alikuwa bandani akilisha nguruwe kwa mkono wa kulia. Nilimweleza yote huku nalia. Alimalizia kumwaga ndoo ya pumba. Kisha akacheka. "Kumbe kocha wa Ufundi ni wewe, mdogo wangu!" Akavunja muwa kwenye goti lake, akanipa nusu. "Mwambie mama nakuja Jumamosi. Jezi imechanika."

Jumamosi akaja kweli. Akanyoosha mikono, wa kushoto ukaishia usawa wa bega. Mama akanikabidhi ncha ya futikamba. Sijawahi kushikishwa kitu kizito kama kile. Tangu siku hiyo, wenzangu wakiniuliza habari za msimu, niliwajibu kama mama alivyozoea kuwajibu wateja: timu zote nzuri.

Tangu hapo nimehama sana, miguu yangu haijui kutulia. Mbeya, Lusaka, Harare, na sasa Yeoville, hapa Johannesburg. Kila mji nilifika na cherehani, na kila mji nilipata watu walionyoosha mikono mbele yangu. Namshukuru mama kwa hilo kuliko hata kwa ushonaji wenyewe.

Siku hizi msimu ukikaribia, wanafunzi wa vyuo vya mtaa wa Braamfontein huniletea jezi zao. Binti yangu Rehema, aliyezaliwa hapa, hunisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa lugha tatu. Yeye na wenzake huchambua ligi kwenye simu, wakigawa ubingwa kwa timu ambazo hawajaziona hata zikifunga kamba za viatu. Juzi aliniuliza, "Mama, wewe unawapima wote. Nani atachukua?"

"Timu zote nzuri."

"Eish, Mama! Hilo nalo ni jibu?"

"Ni jibu la bibi yako." Nikamsimulia habari za Kaka Festo.

Siwalaumu watoto hawa. Uchambuzi wetu ulitoka kwenye ngazi za duka ukafika uwanja mmoja tu. Wao, wa kwao unazunguka jiji zima kabla chai haijapoa. Lakini simu haiwezi kumtembeza mtoto hadi kwenye banda la nguruwe akaombe radhi, na sijui watajifunzia wapi yale niliyojifunza pale.

Jana alikuja kijana mrefu, mshambuliaji. Alitaka bukta iwe ndefu kuliko za wenzake, ifunike goti. Sikumuuliza sababu. Rehema alikuwa ameinama, ameshika ncha ya futikamba. Akaliona goti lilivyovimba. Akainua macho akanitazama, kisha akaichukua simu yake mezani, akaitia mfukoni.