Moshi Katika Nyumba Tupu

Ofisini walimwita Bi Kipimo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwenye meza yake ya kioo, yenye taa iliyowaka chini yake, hakuna mstari uliopita bila kupimwa mara mbili. Hata chai aliyoletewa aliichungulia kwanza kuona kama kikombe kimejaa au amepunjwa. Alikuwa na kalamu za wino ambazo hakuna aliyethubutu kuziazima, na wembe wa kukwangulia makosa, alioutumia kwa nadra na kwa hasira.

Wenzake walichora milima na mito. Yeye alichora mahali watu wanapoishi. Katika ufunguo wa ramani zao, nyumba yenye mtu ilikuwa kisanduku cheusi. Isiyo na mtu ilikuwa kisanduku kitupu, mistari minne na weupe ndani. Makazi yakibaki na visanduku vyeusi pungufu ya vitano, yanaondolewa kabisa pamoja na njia inayokwenda huko. Wageni wa ofisi walimwuliza kama haoni huruma.

"Huruma ya nini?" aliwajibu. "Watu wanafuata maji, barabara na kazi. Kimojawapo kikiondoka, na wao wanafunga virago. Ramani haimfukuzi mtu. Inasema tu nani yuko."

Maneno rahisi hayo, kwa mtu ambaye hajaletewa mezani ramani ya kwao.

Ya kwao ikaja. Alizaliwa ng'ambo ya mto, chini ya machimbo ya mawe. Machimbo yalipofungwa, wanaume walifuata kazi kwingine, wake zao wakawafuata, na wazee wakachukuliwa na watoto wao mmoja baada ya mwingine. Alijua kwamba huko amebaki shangazi yake tu, dada wa baba yake, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alijua pia kwamba hajakanyaga huko siku nyingi, na akiwaza hilo alikuwa akijitafutia haraka kazi nyingine ya kufanya. Sasa picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha jambo lisiloingia akilini: moshi juu ya kila paa. Mkuu wake akamwambia aende mwenyewe akahakikishe.

Alivuka daraja la mbao asubuhi. Nyua zilikuwa zimefagiwa, alama za ufagio bado mbichi. Kamba za nguo zilijaa, shati la kiume hapa, gauni la mtoto pale. Lakini hakusikia mtoto akilia, wala hakuona hata kuku mmoja. Akasimama kwenye nyumba ya kwanza.

"Hodi!"

"Karibu!"

Sauti ilitoka ndani kabisa, nyembamba. Alingoja, hakutoka mtu. Akasukuma mlango. Jiko lilikuwa linawaka, kigoda kiko kando yake, na mlango wa nyuma unachezacheza. Nyumba ya pili mambo yakawa yale yale, "karibu" ile ile na jiko lile lile lisilo na mwenyewe. Hapo ndipo alipolitambua shati lililokuwa kambani. Lilikuwa la fundi mawe, na yeye mwenyewe alihudhuria mazishi ya mtu huyo.

Nyumba ya tatu hakupiga hodi. Alizunguka nyuma, akagongana na shangazi yake, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, gauni amelipandisha magotini, mkononi ana kijinga cha moto.

"Shikamoo, shangazi," alisema, maana hata ukikutana na zimwi, salamu ni salamu.

"Marahaba. Kumbe ni wewe? Ningejua nisingejikimbiza hivi nyumba hadi nyumba kukuitikia, magoti yenyewe haya!" Akaketi kizingitini, akacheka. Mpwa wake hakucheka.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nimesikia mnakuja kuhesabu nyumba. Fundi wa daraja ameniambia, upande huu ukionekana hauna watu, daraja hawaligusi tena. Likianguka, kaka yako atapita wapi?"

Kaka huyo alikuwa binamu yake, mtoto pekee wa shangazi. Aliondoka angali kijana, baada ya kugombana na mama yake. Alisema harudi mpaka aitwe, na hakuacha anwani ya kumwitia.

"Lakini shangazi, huenda hata..."

"Usimalizie. Unachotaka kusema najiambia mwenyewe kila nikilala. Ila akija akakuta pori, atageuza. Akiona moshi, atapiga hodi. Mimi nataka apige hodi tu, basi."

Bi Kipimo alirudi ofisini, akakaa na kalamu mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Kisha akapiga moyo konde, akavijaza visanduku vyote vikawa vyeusi. Akaosha kalamu, akairudisha mahali pake.

Daraja likatengenezwa. Lakini tangu siku hiyo kazi yake haikuwa na raha tena. Alikuwa anaweza kuinama juu ya ramani ya mji wa mbali kabisa, mara anasikia harufu ya kuni. Mara anasikia ile "karibu" nyembamba, ikitoka ndani ya kisanduku alichokijaza sasa hivi. Wenzake walidhani uzee unabisha hodi. Yeye alikuwa anaogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Shangazi alifariki Bi Kipimo akiwa amekaribia kustaafu. Baada ya mazishi watu walivuka daraja kurudi makwao, akabaki yeye kufunga mlango. Jioni ilipoingia hakukuwa na moshi hata nyumba moja. Alisimama uani akayatazama yale mapaa, akahisi yanamsubiri. Akaingia ndani, akatoka na kijinga cha moto. "Leo tu," alijiambia.

Alipostaafu alihamia huko moja kwa moja, na ofisini wakaambiana kwamba amekwenda kupumzika. Mapumziko gani! Kila asubuhi alifagia nyua za watu waliohama na waliokufa, akaanika nguo zao zilizokwisha kuchakaa, akawasha majiko yao. Kila mlango aliupigia hodi kabla ya kuingia, kwa heshima ya mwenyewe. Hakuna aliyemwitikia. Walau ndivyo alivyojiapiza, kwa sababu zilikuwepo asubuhi nyingine ambazo hakuwa na hakika, na asubuhi hizo aliwasha haraka haraka bila kugeuka nyuma.

Siku moja yuko nyumbani kwa fundi mawe anapuliza moto, akasikia mbao za daraja zikilia. Mpimaji, aliwaza, na magoti yake yakajiandaa. Miguu ikapita nyumba ya kwanza bila kusimama, ikapita ya pili. Mpimaji gani huyu asiyehesabu? Ikaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya shangazi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, mama!"

Bi Kipimo hakukusudia. Neno lilimponyoka kwa mazoea.

"Karibu!" akaitika, kwa sauti nyembamba ambayo hata yeye aliitambua kuwa si yake.

Miguu ikageuka, ikaja mbio. Kwenye ufa wa mlango akamwona mwanamume mwenye mvi, mfuko begani, anatazama nyua, kamba za nguo na moshi, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Kumbe wote mpo!" alipaza sauti kabla hajafika. "Njia nzima naogopa kama mtoto, nikijua nitakuta pori. Na fundi mawe naye yupo, shati lake si hili hapa!"

Maisha yake yote Bi Kipimo alikuwa akiulizwa swali moja, nani yuko, akilijibu kwa wino. Sasa alitakiwa kulijibu kwa mdomo. Akaweka kijinga cha moto chini, akafungua mlango.

Binamu yake alimtazama, akamtambua, akamshika mikono yote miwili. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Bi Kipimo, yakaingia ndani, yakamtafuta mtu kando ya jiko lililokuwa linawaka.

"Dada," akauliza, "mama yuko nyumba gani?"