Barua Niliyowaandikia Wenye Viwanja

Ile barua niliitunga mimi. Rafiki yangu, ambaye ndiye aliyemsimamia mwanangu ubatizo, alileta mtaji na wazo: tutafute wenye viwanja na mapagale huko Kiseke, tuwaandikie moja kwa moja, tununue, tumalizie kujenga, tuuze. Madalali tuwaruke, maana dalali akinusa kiwanja bei inapanda kabla hujavua viatu.

Tulipangia mambo yetu Nyamagana, kwenye chumba juu ya duka la vitenge. Posta tuliiacha mapema. Nani Kiseke anafungua sanduku la posta kutafuta barua ya kiwanja? Na bahasha ikiletwa na mgeni, watu hudhani ni ya mahakama. Tukaamua kila barua ipelekwe mkononi, balozi wa nyumba kumi akitangulia. Maneno aliniachia mimi, nami niliandika kama ninavyozungumza na mama yangu: habari za nyumbani kwanza, pole za maradhi, halafu taratibu kiwanja.

"Dada, kwa barua hii hata mimi ningeuza," alisema. Nikavimba kichwa.

Tulipoorodhesha viwanja, cha mama nilikikata mwenyewe. Mama ni mjane. Pale ndipo alipolima mihogo, na ndipo alipotaka kujenga vyumba vya kupangisha, vimtunze uzeeni. Nilimwambia rafiki yangu asikiguse. Akacheka. "Mama yako si mama yangu?"

Barua zilipokwisha kusambazwa, nilikwenda kumsalimia mama. Aliitikia shikamoo yangu, na kabla sijakaa vizuri akasema, "Barua yako niliipata. Mwenzako aliileta na balozi. Kiwanja nimeshamwuzia, tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu.

"Mtoto akishindwa kumwambia mzazi shida yake, si hutuma mtu? Ningekupigia nikuaibishe?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Jambo zito mtoto halipeleki mwenyewe kwa mzazi. Anamtuma mtu wa heshima, na mzazi haulizi sana. Rafiki yangu analijua hilo, amekulia hukohuko. Hakuhitaji hata kudanganya. Alikaa, akala ugali na sato wa mama, akasubiri. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilimpa mpaka mtoto amshike kichwa kanisani.

Nilitoka uani nikampigia.

"Mama ameuza kwa hiari yake," alisema, wala sauti haikutetereka. "Na barua si uliandika wewe?"

Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kulirudia. Akakata simu. Nikanawa uso bombani ili mama asinione na hasira.

Niliporudi ndani alikuwa ametoa fedha zote, zimefungwa kwenye kanga. Hakuwa amegusa hata ya sukari. Akaniwekea mapajani.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Zitatosha kwa hiyo shida yako?"